Mshale wa Mahindi ya Msiba

Siku mchoro ule ulipotundikwa kwenye mlango wa ghala, tulikuwepo hawa. Mimi mwenyewe, nimekaa kwenye kiti cha plastiki kwa sababu ya magoti. Binti yangu wa mwisho, mtunza ghala, ambaye ndiye aliyekuwa anatuhumiwa. Mjukuu wangu wa kike, mtoto wa marehemu mwanangu wa kwanza, aliyelelewa na huyo binti yangu tangu anatambaa. Anamwita shangazi, lakini mama anayemjua ni huyo. Mwenyekiti wa kikundi chetu cha wakulima, mtoto wa mdogo wake marehemu mume wangu, kwa hiyo mimi kwake ni mama mkubwa. Jirani yangu mjane, ambaye shamba lake na langu yanatenganishwa na mfereji tu. Na mkaguzi aliyetoka mjini Sumbawanga. Huyo hakuwa na udugu na mtu yeyote pale. Wanachama wengine walijaa uwanjani, nao naweza kuwataja mmoja mmoja, pamoja na mama zao na vijiji walikoolewa dada zao. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini jina la mtu likishaingia kwangu halitoki. Hata hivyo hapa siandiki jina hata moja, na mbele mtaona sababu.

Ghala letu liko upande wa Kaengesa, kando ya barabara. Mchanga wa kujengea tuliubeba wanawake, vichwani, kutoka mtoni. Kazi yake ni rahisi kueleza. Ukivuna unaleta mahindi yako, yanapimwa, unapewa stakabadhi, yanakaa humo mpaka bei ya Sumbawanga ipande. Mnunuzi akija na lori, mwenyekiti anasaini hati ya kutolea, mtunza ghala anafungua mlango, mahindi yanatoka. Katibu anaandika kwenye leja yaliyoingia na yaliyotoka. Binti yangu alikabidhiwa funguo kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsikia akisema uongo, hata wa kumfurahisha mtu.

Mwezi wa kumi, mashamba yamekauka na watu wanaangalia mawingu tu, mkaguzi akaja. Alipima kila kilichokuwamo, akasoma leja, akapima tena. Mahindi yalikuwa pungufu. Siyo pungufu la kusema panya wamekula. Lilikuwa pungufu la kujaza chumba. Akamwambia binti yangu, mbele ya mwenyekiti, kwamba atarudi Jumatatu, na kama hakuna maelezo, suala linakwenda polisi.

Binti yangu alirudi nyumbani, akaweka funguo juu ya kabati la vyombo, akajilaza akiwa amevaa viatu.

Nilimpigia simu mjukuu. Yeye anasoma uhasibu chuoni Mbeya, na ada yake inatoka kwenye mashamba ya huyo huyo shangazi yake. Kesho yake jioni alishuka kwenye basi, bodaboda ikamleta mpaka uani, kajaa vumbi hadi kope.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekonda. Huko chuoni mnakula namba?"

"Tunakula wali maharage, Bibi. Shangazi yuko wapi?"

"Yuko ndani. Tangu juzi hajachana nywele."

Nilidhani atakwenda kumbembeleza. Alikwenda akamwamsha, akamketisha jikoni, akaanza kumuuliza maswali kama polisi. Mkulima akija anakupa nini? Wewe unampa nini? Nakala zinakwenda wapi? Nani anaziona? Huku anamuuliza, mkono wake unachana mfuko wa saruji, anaukung'uta, anaulaza upande wake msafi sakafuni. Akachukua mkaa jikoni kwangu akaanza kuchora.

Katikati alichora duara moja kubwa, akaandika humo: hesabu za ghala. Pembeni akachora miraba. Kutoka mraba hadi duara, mishale. Kutoka duara hadi mraba, mishale mingine.

"Hiki nini?" nikamuuliza.

"Mchoro wa mtiririko wa taarifa, Bibi. Ndivyo tunavyofundishwa kuelewa mfumo wa hesabu kabla ya kumlaumu mtu. Sichori magunia. Nachora habari za magunia. Gunia likiingia kuna habari inayoingia nalo, likitoka kuna habari inayotoka. Mimi naifuata habari."

"Na gunia lenyewe?"

"Gunia halimo humu."

"Basi mchoro wako una njaa."

Binti yangu alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mkaguzi aje, na nikajiambia labda tutapona.

"Na huyu mraba ni nani?" nikauliza tena.

"Mkulima. Wewe, kwa mfano. Mraba ni mtu wa nje anayeleta habari au anayepelekewa."

"Mimi wa nje? Kwenye ghala nililolibebea mchanga mpaka utosi ukawa na kipara?"

"Nje ya hesabu, Bibi, siyo nje ya ghala. Usinigombeze, nakuchora vizuri, nakuwekea na paa."

Akageuza mfuko wa pili, akalifungua lile duara kubwa. Ndani yake kulikuwa na madogo: kupokea, kuandika, kutoa, kutoa taarifa kwa wanachama. Kumbe duara lina matumbo. Mahali karatasi zinapolala aliweka mistari miwili sambamba kama reli: hapa kitabu cha stakabadhi, hapa leja, hapa faili la hati za kutolea. Akatueleza sheria zake. Kila mshale lazima uwe na jina la kile unachobeba. Karatasi haiwezi kuhama yenyewe kutoka reli moja hadi nyingine, lazima ipite kwenye duara, maana yake lazima kuna mtu kafanya kazi. Na kila duara lazima liingize na litoe.

"Linaloingiza tu bila kutoa, hilo linameza. Linalotoa bila kuingiza, hilo linazaa bila mimba."

"Hayo ya mimba mmefundishwa chuoni?"

"Hayo nimeyatoa kwako, Bibi."

Tukaanza kufuata mishale. Katibu alituazima leja na mafaili kwa siku moja, naye ana moyo mzuri, tulimlipa kwa kumpa chakula tu. Stakabadhi zililingana na leja. Hati za kutolea zililingana na leja. Mshale kwa mshale mjukuu wangu aliweka alama ya mkaa, na kila alama iliyokaa sawa ilimkausha uso. Mimi mwanzoni nilifurahi, nikasema kumbe kila kitu kipo. Yeye akanitazama.

"Bibi, karatasi zikiwa safi na mahindi hayapo, anayebaki ni mwenye funguo."

Hapo ndipo nilipoelewa. Binti yangu alikuwa amekaa kwenye kinu kilicholazwa, anaangalia duara lile la kutoa kama mtu anayeangalia kisima alimotumbukia.

Nikauliza, siyo kwa akili yoyote, niliuliza tu: "Na mahindi ya msiba mshale wake uko wapi?"

"Mahindi gani?"

"Mama, nyamaza!" Binti yangu alisimama. Hajawahi kuniambia hivyo maishani mwake.

Nieleze. Kwetu mtu akifiwa, wanawake wa kikundi wanakwenda ghalani asubuhi, mtunza ghala anafungua mlango, wanachukua mahindi ya kulisha watu matangani. Mahindi hayo hayapimwi. Mtunza ghala akishafungua anageuka, anaangalia barabarani mpaka watoke. Mama mkwe wangu alinifundisha kwamba ukiyapima mahindi ya msiba umeupimia msiba kipimo, nao utarudi kudai kilichobaki. Sijui kama ni desturi ya Wafipa wote au ya kijiji chetu tu. Watu wa Msanzi niliowahi kuwauliza walinicheka. Lakini hapa ndivyo ilivyokuwa tangu mahindi yalipokuwa yakiwekwa kwenye vihenge vya miti, na ghala la bati lilipojengwa tukahamia humo na desturi yetu, hatukumwambia mtu, kwa sababu hakuna aliyeona kuwa ni jambo la kuambiwa mtu.

Na masika iliyopita ilikuwa ya vifo. Wazee, watoto, mama mmoja na kichanga chake. Kuna wiki hatukukunja mikeka.

Mjukuu wangu aliposikia, aliokota tena mkaa. Halafu akachora mshale kutoka lile duara la kutoa kwenda nje, kwa vitone, kwenye mraba mpya aliouandika: waliofiwa.

"Unaitwaje mshale huu, Shangazi? Unabeba karatasi gani?"

"Ufute."

"Shangazi, huu ndio unaokutoa."

"Ufute nimesema! Unataka watu waitwe mbele ya mkutano, waulizwe, wewe ulikula debe ngapi siku unamzika mwanao? Kuliko hivyo bora nifungwe. Nitafungwa, nitatoka. Wale nitawatazamaje?"

Akaingia ndani. Mjukuu hakuufuta. Alilia juu ya ule mfuko mpaka mkaa ukatapakaa, kisha akapangusa pua kwa kiganja na kuniuliza kwa sauti ndogo:

"Bibi, misiba ya mwaka huu unaikumbuka?"

"Yote."

"Na nani alibeba nini?"

"Nilikuwa nakaa barazani kwangu. Njia ya ghalani inapita hapo. Nitasahau vipi?"

Akachora mistari miwili sambamba chini ya ule mshale. Katikati akaandika: kumbukumbu ya Bibi.

Jumapili baada ya misa nilikwenda kwa mwenyekiti. Nilimkuta anatengeneza mlango wa banda la kuku.

"Mwanangu, wewe unajua yale mahindi yalikokwenda."

"Najua, Mama mkubwa. Kila mtu anajua."

"Basi kesho useme."

"Nikisema niliruhusu yatoke bila hati, tunaingia wawili. Watoto wangu watasomeshwa na nani?"

"Na wangu mimi?"

Alikuwa ameshika msumari mdomoni. Akautoa, akaupigilia mlangoni.

Jumatatu ikafika. Mifuko ile miwili ya saruji ilipigiliwa kwenye mlango wa ghala, na upepo wetu huu ukawa unaipiga, mjukuu kashika kona moja, katibu kona nyingine. Mkaguzi alivaa miwani, akafuata mishale kwa kidole, taratibu, kama anayesoma barua ya nyumbani. Hakudharau. Ningependa kusema alikuwa mtu mbaya ili nipate wa kumchukia, lakini hakuwa.

"Nani amechora?"

"Mimi," mjukuu akasema.

"Umechora vizuri. Na huu wa vitone?"

"Mahindi ya msiba."

"Unabeba nini? Hati? Orodha?"

Mjukuu akanigeukia. Nikasema kutoka kwenye kiti changu, "Andika rambirambi, baba."

"Bibi, rambirambi imo moyoni. Mshale wa hesabu unabeba kitu ambacho kesho naweza kukishika tena. Huu haubebi kitu." Aligeukia watu. "Mchoro huu umenionyesha mahali pa kutazama, na nashukuru, peke yangu nisingepaona. Ila haunionyeshi kiasi. Hii reli chini ni nini? Kumbukumbu ya Bibi?"

"Bibi amefanywa kabati!" mtu mmoja akasema nyuma, na watu wakacheka, nami nikacheka, maana ndivyo tulivyo.

"Kabati hilo linafunguliwaje?" mkaguzi akauliza.

"Muulize tu," mjukuu akamjibu.

Nikasimama. Nikaanza na msiba wa kwanza wa masika. Nikataja marehemu, nikataja nyumba, nikataja waliobeba, gunia au debe, nani alitangulia na nani alifuata. Mkaguzi aliandika. Kicheko kiliisha mara moja. Kila nilipotaja jina niliona uso wa mtu ukishuka, na nikajua ninafanya kile kile binti yangu alichokataa, ninawafufulia watu maiti zao uwanjani, tena ili waseme walikula nini. Binti yangu alikuwa amejifunika khanga mpaka machoni. Niliendelea. Ningefanya nini?

"Walio hapa wathibitishe mmoja mmoja," mkaguzi akasema.

Hakuna aliyesimama. Upepo tu, na ule mfuko unapiga mlango. Ndipo jirani yangu mjane akainuka. Alimzika mumewe masika ile, kwenye matope, jeneza likateleza mikononi mwa watu.

"Mnataka nisaini nini?" akasema. "Kwamba nililia nikiwa nimeshiba?"

"Hapana, mama. Kama yalifika tu."

"Yalifika. Sikuyapima, sikuyatazama. Nilikuta yamewekwa jikoni, na wageni walikula. Niandike. Ila jina langu lisisomwe tena mbele ya watu, leo wala siku nyingine. Umesikia, jirani?"

"Nimesikia," nikamwambia. Na ndiyo sababu siandiki majina.

Baada yake walisimama wengine, kimya kimya, wakaweka dole gumba na kuondoka bila kuniaga. Nilianza kuhesabu kwamba tutavuka. Kisha mzee mmoja, mtu wa haki, hana ugomvi nasi, akanyoosha mkono.

"Bibi amesema kwangu yalikuja magunia mawili. Lilikuja moja. La pili lilitoka kwa wakwe zangu."

Nililiona mimi hilo la pili. Lilipita mbele ya baraza langu siku ile ile, mabegani mwa vijana. Lilitokea wapi sikuwauliza. Nilijua tu linakwenda msibani, basi kichwani mwangu nikalihesabu kuwa limetoka ghalani.

Mkaguzi akaweka kalamu chini. "Inawezekana na mengine yako hivyo, Bibi?"

Nikaketi. Nilikuwa na majina yote, na sura zote, hata rangi ya magunia. Lakini kila gunia lilitoka mlango gani, hilo sikuwa nalo.

Aliyekuwa ameanza kuinuka akakaa. Mwingine akasema yeye hakumbuki. Mkaguzi akamgeukia mwenyekiti, akamuuliza kama kikundi kiliwahi kuruhusu mahindi yatoke hivyo.

"Desturi ipo," mwenyekiti akasema.

"Na ruhusa?"

"Desturi ipo," akarudia, anaangalia viatu vyake.

Yaliyothibitishwa yalipunguzwa kwenye deni. Yaliyobaki ni mengi bado. Binti yangu alinyang'anywa funguo, na sasa kila anapoitwa anapanda gari kwenda kuripoti kituo cha polisi Sumbawanga. Mjukuu wangu hajarudi chuoni. Analima mashamba ya shangazi yake, mikono imeota sugu, na ule mfuko wa saruji ameukunja ameuweka chini ya godoro.

Ghalani mambo yamenyooshwa. Kuna daftari la misiba, kuna hati, kuna mshale wenye jina. Mtoto wa kwanza kuzikwa baada ya hayo alikuwa wa nyumba ya juu kule. Nilikaa barazani, nikasikia mawe ya mizani yakigongana kama kengele ndogo, na mama wa marehemu akaletewa wino aweke dole. Wanawake walipita mbele yangu na mahindi yaliyopimwa. Hakuna aliyenisalimia.

Fungu kubwa kuliko yote katika mahindi ambayo hayajathibitishwa ni la familia ya wafugaji waliotoka Usukuma, waliokuwa wanachama wetu. Walifiwa watoto wawili wiki moja. Nakumbuka wanawake walikwenda ghalani mara mbili, na mara ya pili walirudi na mkokoteni wa ng'ombe wa wafugaji wenyewe, umejaa. Kabla ya kiangazi walihama na mifugo kushuka bonde la Rukwa, na wengine wanasema walivuka hata hapo. Jina la baba ninalo. La mama ninalo. Ya watoto wote wawili ninayo, na aliyetangulia kufa. Simu yao haipatikani.

Nimeandika haya polepole, kwa penseli, nikifuta na kurudia, na mjukuu ameyanakili. Kama ulikuwepo masika ile na umeona nimekosea, kwamba mkokoteni haukujaa, au ulitoka kwingine, au ni mimi nimeunganisha mambo mawili yakawa moja kama nilivyofanya kwa yule mzee, basi njoo unisahihishe. Sitakasirika. Na kama wewe ndiwe yule baba, au umekaa na yule mama kambini mkakamua ng'ombe pamoja, mwambie mama huyo hadaiwi kitu, hakuna atakayemrudisha kaburini kwa wanawe. Aje tu aseme mkokoteni ulikuwa na nini. Hata akisema ulikuwa mtupu, aje aseme. Niko barazani, njia ya ghalani inapita hapo hapo.